Dume mzoefu au dume kijana? Kisa cha zizi la mjomba, Kongwa

Mwezi wa 10 mwaka 2021 mjomba alinipigia simu saa 11 alfajiri, nikajua msiba. Kumbe ni dume. Dume lake la mbegu, yule aliyezaa karibu nusu ya zizi, alikuwa anachechemea mguu wa nyuma tangu kiangazi, anamrukia jike anashuka kabla kazi haijaisha, na kupandisha kunaanza mwezi wa 2. "Mpwa, njoo na lile daftari lako," akasema, akakata.

Kwa wasiojua kwetu, Kongwa, mkoani Dodoma, mvua ni moja tu, inaingia Desemba hivi inaisha Aprili, baada ya hapo ni vumbi na mabua. Mjomba anafungulia dume Februari mpaka mwisho wa Aprili, majani yapo na majike wana miili, na kwa kuwa mimba ya hawa ng'ombe wetu ni kama siku 285, ndama wanaanza kudondoka katikati ya Novemba, mama anaanza kunyonyesha na mvua ndo hiyo inaingia. Ukikosa dume kwenye hiyo miezi 3 umekosa mwaka mzima, hakuna cha kusema utafidia Julai, Julai ng'ombe wenyewe mbavu unazihesabu.

Zizi lilikuwa na majike 48 waliokwisha kuzaa na mitamba 14, wengi Boran, aina ya ng'ombe wa nyama, waliochanganyika na ng'ombe wetu wa asili. Boran huku si mgeni, ranchi ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, ipo hapohapo Kongwa, kwenye ardhi ambayo Waingereza walikuja kulima karanga mwaka 1947 wakaacha 1951, karanga ziligoma ila ng'ombe wakaweza. Na jambo moja kubwa sana ambalo mjomba alikuwa analichukulia poa: ile mitamba 14 yote ni mabinti wa huyohuyo dume anayechechemea. Sasa hata mguu ungepona, hapaswi kuwagusa. Baba akimpanda binti yake, ndama anazaliwa na robo nzima ya damu iliyojirudia, asilimia 25, na hapo ndo unaanza kuona ndama dhaifu, wadogo, majike wasioshika mimba vizuri, watu wanasema zizi limerogwa.

Basi wagombea walikuwa hivi. Upande mmoja kuna Komando. Kila mtu anayeenda mnadani anamjua Komando, dume mwekundu wa miaka 7, nundu kama kilima, wa jamaa mmoja mfugaji vijiji viwili kutoka kwa mjomba. Bei milioni 2 na laki 8. Upande wa pili, madume vijana wa Boran kutoka ranchi moja ya mkoa jirani, miezi 20 hadi 23, bei milioni 1 na laki 9 kila mmoja, hawajawahi kupanda hata jike mmoja, ila wana karatasi: baba nani, mama nani, uzito wa kuzaliwa, uzito wa kuachishwa kunyonya.

Mjomba alikuwa Komando moja kwa moja. Hoja yake nzito kabisa: "Yule kazi yake inaonekana, hao watoto nawanunulia matumaini." Binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, anataka vijana kwa sababu aliona video. Mimi nilienda pale nikiwa naegemea kwa mjomba, niseme ukweli, maana mtu mzima akikwambia dume fulani kathibitika una cha kubisha?

Ila tulipoenda kumuona Komando ndo nikaanza kujiuliza, kathibitika nini hasa.

Tulifika kwa jamaa asubuhi, tukakaribishwa vizuri, maziwa mgando, halafu tukaonyeshwa ndama 9 ndani ya kizizi kidogo. Ndama wazuri jamani, sitadanganya, migongo mirefu, wamejaa. "Hawa wote wa Komando." Nikauliza, kwa mwaka huu Komando kazaa ndama wangapi? Kama 30 hivi. Na hao 21 wengine wako wapi? Wako machungani. Tunaweza kuwasubiri? Kimya kidogo, halafu eti wanarudi jioni sana. Mjomba akanikanyaga mguu. Tukasubiri mpaka jioni, tulikunywa maziwa mgando mpaka basi.

Waliporudi picha ikawa nyingine. Wapo wazuri, wapo wa kawaida, na wapo watatu ambao ningekuwa mimi ningewaficha pia. Hilo peke yake halimharibii dume jina, dume yeyote duniani akizaa watoto 30 watapishana, tena sana, kwa sababu kila ndama anachukua nusu ya baba kwa bahati nasibu na nusu ya mama hivyohivyo. Tatizo lilikuwa lingine. Kundini kulikuwa na dume mwingine mkubwa, mweupe, ametulia zake pembeni. Huyu naye? Aa, huyu ni msaidizi tu. Msaidizi! Sasa ndama yupi wa Komando na yupi wa msaidizi? Jamaa anasema wekundu ni wa Komando. Haya, na majike wake zaidi ya nusu ni wekundu, rangi inamtaja nani hapo? Madume wawili wakiwa kundi moja, mara nyingi mkubwa mbabe ndo anapata ndama wengi, ila ubabe hauna uhusiano na ubora wa mbegu, unaweza kukuta mbabe anawafukuza wenzake huku yeye mwenyewe mbegu zake ni hafifu, na majike wanarudi kwenye joto kila siku 21.

Hapo ndo penye kiini cha kisa chote hiki kwa maoni yangu. Neno "mzoefu" linabeba vitu viwili tofauti na watu wanavilipia kama kimoja. Cha kwanza ni kwamba dume anaweza kazi, anapanda, majike wanashika. Cha pili ni kwamba watoto wake wanawazidi watoto wa dume mwingine waliokua kwenye malisho yaleyale mwaka uleule. Komando alikuwa na cha kwanza, tena kwa nusu, maana kulikuwa na msaidizi. Cha pili hakuna mtu aliyewahi kukipima. Mjomba alikuwa anataka kulipa laki 9 za ziada kwa kitu ambacho hakipo kwenye daftari la mtu yeyote.

Ngoja niweke hesabu kidogo, wasiopenda hesabu ruka aya hii. Tuchukue kitu kama uzito wa kuachishwa ndama, ambacho kurithika kwake ni kama asilimia 30, kilichobaki ni maziwa ya mama, majani, kupe na bahati. Uhakika wa kumjua dume tunaupima kutoka 0 hadi 1. Ukijua uzito wake mwenyewe tu unapata 0.55 hivi. Ukijua wazazi tu, hata ungewajua kikamilifu baba na mama, huvuki 0.71. Ukiwa na watoto wake 5 waliopimwa unapata 0.54, yaani watoto 5 ni sawasawa na kumpima yeye mwenyewe mara moja mzanini. Watoto 20 wanakupa 0.79, watoto 30 wanakupa 0.84. Kwa hiyo ndio, dume mwenye watoto wengi waliopimwa ni bora kuliko karatasi ya kijana, hilo halina ubishi. Lakini WALIOPIMWA. Watoto 30 ambao hujui baba yao ni nani na hawajawahi kukanyaga mzani wanakupa sifuri, umebaki na sura ya dume na sifa za mnadani. Kijana mwenye uzito wake na uzito wa wazazi wake kwenye karatasi anamshinda huyo.

Na kuna jambo ambalo wazee hawalipendi. Ranchi ikiwa inapima kweli na kila mwaka inabakiza madume bora tu, basi madume wa mwaka huu kwa wastani wanatakiwa wawe juu ya wale wa miaka 5 iliyopita, kwa sababu wamezaliwa na wazazi waliochaguliwa zaidi. Ukimng'ang'ania mzee unapata uhakika ila unapoteza mwendo. Hiyo ni ranchi inayopima lakini. Ukienda kununua kijana kwa mtu asiyepima chochote hujanunua kizazi kipya, umecheza bahati nasibu yenye pembe.

Turudi kwa Komando. Nikamuuliza jamaa kwa nini anamuuza. Akajibu vizuri, mabinti wa Komando wameanza kupandishwa. Hiyo ni sababu halali kabisa, madume wengi wazuri wanauzwa kwa sababu hiyohiyo na ukibahatika unampata wa maana. Ila binamu, ambaye mi namuona bwege siku nyingine, siku ile alikuwa na akili kuliko sisi wote, alikuwa anahesabu ndama kwa umri. Ndama wa yule jamaa walikuwa wametawanyika, wengine miezi 10, wengine miezi 2, wengine wiki. Kwa mtu anayedai anapandisha miezi 3 hiyo picha haikai. Majike walikuwa wanarudia joto, wanashika kwa kuchelewa.

Kuna magonjwa mawili ya kupandana, trikomoniasisi na kampilobakta, ambayo dume akiyabeba haonyeshi dalili yoyote, hakohoi, hakondi, ananenepa tu. Jike anashika mimba, mimba inakufa ikiwa changa, anarudi kwenye joto, baada ya miezi kadhaa anajisafisha mwenyewe, ila dume anabaki nayo. Na dume mzee ndo hatari zaidi, kwa sababu kadiri umri unavyoenda ngozi ya ndani ya govi inakuwa na mikunjo mikunjo mirefu, vijidudu vinajificha humo. Dume ambaye hajawahi kupanda hana pa kuyapatia. Huo ndo upungufu wa uzoefu ambao hautajwi mnadani, anayekuja na uzoefu anakuja pia na historia ya kila jike aliyewahi kumpanda.

Tukamleta daktari wa mifugo, akasafisha govi akachukua maji yake yakapelekwa maabara, tukalipia sisi. Jibu la kwanza likarudi safi. Mjomba akafurahi akataka kutoa hela palepale, daktari akasema hapana, trikomoniasisi kipimo kimoja hakitoshi, vinatakiwa vitatu kwa kupishana wiki moja, na katika muda huo dume asipande. Hapo jamaa akawaka. "Nyie mnataka kununua dume au mnataka kuposa?" Akakataa kipimo cha pili. Sijui kama Komando alikuwa mgonjwa, inawezekana alikuwa mzima kama chuma. Ila muuzaji akikataa kipimo ambacho mnunuzi ndo analipa, mi naondoka, na tuliondoka. Mjomba alininunia wiki nzima.

Halafu pesa. Mjomba alikuwa anaona milioni 2.8 kwa dume mmoja dhidi ya milioni 3.8 kwa vijana wawili, basi anaona kaokoa milioni. Nikamwambia mjomba, dume huwezi kumhesabia bei ya kununulia tu, hesabu na bei ya kumtoa. Komando ana miaka 7, unamtumia misimu 2, unamtoa kwa nyama tuseme milioni 1.8, umepoteza milioni 1. Kwa miezi 3 anaweza majike 35, basi misimu 2 ni 70, wakizaa asilimia 70 ni ndama 49. Kila ndama kagharimu kama shilingi 20,000 za dume. Vijana wawili, msimu wa kwanza wanapewa 20 kila mmoja, halafu 30, halafu 30, jumla 160, kwa asilimia 70 ileile ni ndama 112. Baada ya misimu 3 wana miaka 4 na ushee, wamejaa, ukiwauza kwa nyama milioni 1.7 kila mmoja unarudisha 3.4, umepoteza laki 4 tu, kama 3,600 kwa ndama. Kijana anakua huku anafanya kazi, mzee anafanya kazi huku anaisha. Lakini, na hili nilimwandikia mjomba kwa herufi kubwa, kijana mmoja akifa baada ya msimu wa kwanza hesabu inageuka: ndama 70, hasara milioni 2.1, kila ndama 30,000, umeshampita Komando. Kwa hiyo hesabu yote ya vijana inasimama juu ya kuwatunza. Kumbukeni hiyo sentensi.

Tukanunua vijana wawili mwanzoni mwa Desemba. Mwenye hereni ya sikioni namba 114, miezi 23 na ushee, watoto wakamuita Kaka. Hereni 127, miezi 20, wakamuita Dogo. Baba tofauti, mama tofauti, hilo tulihakikisha. Daktari akawapima mfuko wa korodani kwa tepu, Kaka sentimita 31, Dogo 30. Huwa sikubali chini ya 30 kwa Boran anayekaribia miaka 2, na si kwa ajili ya mbegu zake tu, dume mwenye korodani kubwa mabinti zake huwa wanaingia kwenye joto mapema, na kwa ng'ombe wetu hawa wanaochelewa hiyo ni hela. Kuna kanuni ya wazungu kwamba mpe dume kijana majike sawa na miezi yake, wa miezi 15 majike 15. Kwa ng'ombe wao sawa. Boran na ng'ombe wa nundu kwa ujumla wanachelewa kukomaa, dume wa miezi 15 kwetu bado mtoto, mi simtumii kabla hajakaribia miaka 2.

Mgawanyo ukawa hivi. Dogo na ile mitamba 14 pamoja na majike 4, kwa sababu ni mwepesi, ukimpandisha dume wa kilo 600 juu ya mtamba mdogo unaweza kumvunja kiuno. Kaka na majike 24. Na yule mzee anayechechemea tukampa majike 20 wakubwa, ambao si mabinti zake, afanye kazi ya mwisho halafu aende mnadani. Makundi matatu, wachungaji watatu, gharama ilikuwepo ila kuwachanganya ilikuwa haiwezekani, mzee angewafukuza vijana wote na kupanda mabinti zake.

Julai 2022 daktari akaja kupima mimba kwa mkono. Kaka, 17 kati ya 24. Sawa. Mzee mchechemevu, 13 kati ya 20, mguu mbovu na bado. Dogo, 8 kati ya 18.

Nane! Mjomba hakusema kitu. Aliniangalia tu, na ni afadhali angenitukana.

Nilirudi kwenye daftari nikalia nalo usiku. Na jibu lilikuwepo, nimeliandika mwenyewe kwa mkono wangu: "20/1, 127, homa, hali chakula, amechomwa sindano, ndigana baridi." Ranchi alikotoka wanaogesha josho kila wiki, kwetu kupe ni wengi na josho la kijiji lilikuwa bovu, Dogo akakutana na ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, akiwa hana kinga. Akatibiwa, akapona ndani ya siku chache, akarudi kula, sote tukasahau. Ila mbegu za dume zinachukua kama miezi 2 kutengenezwa, homa kali ya leo inaharibu mbegu zinazokuja baadaye, na hali inachukua hiyo miezi 2 kukaa sawa. Homa Januari 20, mimi namfungulia Februari 1. Yaani Februari yote na sehemu kubwa ya Machi Dogo alikuwa anapanda kwa bidii kabisa, wachungaji wanamsifia, anamwaga maji. Mitamba yenyewe nayo baadhi ilikuwa myembamba, nisimbebeshe yeye yote.

Kosa lilikuwa langu na nalisema wazi. Komando nilimtaka vipimo vitatu vya maabara. Dogo nilimtaka nini? Karatasi na tepu. Kipimo cha mbegu, kile cha kuangalia kwa hadubini kama asilimia 30 wanaogelea mbele na asilimia 70 wana umbo zuri, hatukukifanya kwa dume yeyote kati ya wale wawili, kwa sababu akilini mwangu kijana hana tatizo. Nilimdai mzee ushahidi, kijana nikampa imani. Mjomba alimpenda Komando kwa sifa, mimi nilimpenda Dogo kwa karatasi, tofauti yetu sikuiona kubwa usiku ule. Na dume mgeni alitakiwa aletwe Oktoba, azoee maji na kupe, apimwe mwishoni mwa Januari, siyo anashushwa kwenye lori Desemba halafu unamkabidhi majike.

Mjomba alitaka kumuuza Dogo Agosti. Tulibishana sana, akakubali kwa sharti moja, kipimo cha mbegu kabla ya msimu wa pili, akishindwa anaenda mnadani na mimi nachangia hasara. Februari 2023 akapimwa, akafaulu vizuri kuliko Kaka.

Msimu wa pili nilifanya kitu ambacho wachungaji walinicheka. Majike walikuwa 55 baada ya kutoa wazee na wasioshika, nikawagawa kwa kura, hereni kwenye kofia, 28 kwa Kaka na 27 kwa Dogo. Mjomba alikuwa anataka majike bora wapewe Kaka, kwa sababu Kaka ndo ana jina sasa. Nikakataa, ukimpa dume mmoja mama wazuri utapima mama, siyo dume. Mimba zikawa 22 na 21. Safi.

Sasa uzito. Ndama wa kwanza, waliozaliwa mwishoni mwa 2022, waliachishwa kwa wastani wa kilo 126. Wa mwaka uliofuata, kilo 144. Binamu akaanza kutangaza mbegu imekubali. Mbegu gani, zile zilikuwa mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, majani yalikuwa mpaka kiunoni, hata mbuzi walinenepa. Ndo maana nasisitiza mwaka uleule malisho yaleyale, ukilinganisha ndama wa mwaka huu na wa mwaka jana unampima Mungu na mvua yake. Na kwa sababu hawazaliwi siku moja, kila mmoja nampigia hesabu kama vile kapimwa akiwa na siku 205: ndama mwenye kilo 160 akiwa na siku 231, alizaliwa na kilo 27, ameongeza 133, gawa kwa 231, zidisha kwa 205, rudisha zile 27, unapata 145. Simu inatosha, haihitaji profesa.

Agosti 2024, ndama 20 wa Kaka wastani kilo 138.6. Ndama 19 wa Dogo kilo 149.6. Tofauti kilo 11. Dogo, yule wa nane kati ya 18.

Mjomba alipiga makofi, mi nikamwambia punguza, sehemu ya hizo 11 ni bahati. Kwa ndama 20 na kurithika kwa asilimia 30 unabakiza kama asilimia 60 ya tofauti unayoiona, basi kwa ndama wajao tegemea kilo 6 au 7, siyo 11. Bado ni nyingi, ndama 20 kwa kilo 6 ni kilo 120 kila mwaka. Na tukumbuke haijulikani mabinti zake watazaaje, uzazi unarithika kidogo sana, hiyo tutaiona kwa macho.

Februari 2025 kukawa na tatizo lilelile la mwanzo, mabinti wa 2022 wamefikisha miaka 2 na baadhi wanaonyesha joto. Kama tungekuwa na dume mmoja tungelazimika kumuuza wakati ndo kwanza tumemjua. Kwa wawili, mabinti wa Kaka wakaenda kwa Dogo, mabinti wa Dogo kwa Kaka, tukapata misimu mingine bila kununua. Hilo la kubadilishana sikulipanga, ningependa tu kusema nililipanga.

Mwezi wa 5 akaja nani, mwenye Komando. Komando alishamuuza zamani. Ametembea na pikipiki, kakaa, kanywa maziwa mgando ya mjomba, kauliza bei ya Dogo. Mjomba akasema milioni 3 na laki 2, dume aliyethibitika huyo. Akanituma nikalete ndama. Nikatoka nikakuta binamu keshawatenga 9 kwenye kizizi kidogo.

Nikafungua lango, nikawachanganya na wenzao wote, nikarudi ndani kuchukua daftari. Mjomba akanifuata mlangoni, akaninong'oneza, "Mpwa, ule ukurasa wa Julai 2022 anaweza akausoma siku nyingine."